Makarani wa Timu za Kufikirika

Mchezo huu ulianza kama kazi ya ukarani. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mfanyabiashara wa Oakland aliyekuwa na hisa katika klabu ya Raiders, alikaa hotelini New York na wenzake wawili, mmoja wa klabu hiyo na mwingine mwandishi wa gazeti. Wakabuni ligi ambayo mtu angemiliki wachezaji halisi katika timu ya karatasi. Mwaka uliofuata ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa wachezaji. Ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi, na pointi zilijumlishwa kwa kalamu, gazeti likiwa mezani.

Soka ilifuata baadaye. Italia, Riccardo Albini alitoa kitabu cha kanuni za Fantacalcio mwaka 1990. Pointi zake zilitegemea alama ambazo waandishi wa magazeti huwapa wachezaji baada ya mechi. Kocha wa karatasi, maskini, alikuwa mikononi mwa mwandishi aliyeamka vibaya. Uingereza, Andrew Wainstein alianzisha Fantasy League mwaka 1991. Kisha msimu wa 2002/03 Ligi Kuu ya Uingereza ikafungua mchezo wake mtandaoni, bila kiingilio. Ndio huu FPL unaowagombanisha watu vijiweni Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kila Jumatatu.

Seva ilimwondolea karani kazi ya kujumlisha, lakini ikamwachia nyingine. Una wachezaji 15 na bajeti ya pauni milioni 100. Kila wiki ya mchezo unapata uhamisho mmoja wa bure; unaozidi hapo unakukata pointi 4. Bei nazo hupanda na kushuka usiku, kufuatana na watu wanavyonunua na kuuza, na ukiuza faida unapewa nusu tu. Aliyenunuliwa kwa milioni 7.0 akapanda hadi 7.3, utamuuza 7.1. Nusu ya 0.3 ni 0.15, ila senti zinazobaki huzioni.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowavuta watu wa terminali, wale wanaoandika amri kwenye skrini nyeusi badala ya kubofya. Data ya mchezo iko wazi: anwani moja inarudisha wachezaji wote wa ligi katika faili moja la JSON, pamoja na bei, majeraha, na idadi ya walionunua na waliouza wiki hiyo. Humo mchezaji anaitwa “element”, kama kemikali. Bei zimeandikwa kwa namba nzima, 70 badala ya 7.0, jambo linalomfaa sana mtumiaji wa Bash, kwa kuwa Bash haijui desimali. Mwambie itoe 70 katika 73 kisha igawe kwa 2, itakujibu 1. Ni kanuni ileile ya faida, bila kuongeza hata herufi.

Baadhi ya zana zenyewe zina umri kuliko mchezo huu wa mtandaoni, na historia yake inachekesha kidogo. Curl, programu inayokwenda kuchota faili hilo, ilitoka kwa jina hilo mwaka 1998. Msweden Daniel Stenberg alikuwa akitafuta njia ya kuwaletea wenzake wa gumzo la mtandaoni viwango vya kubadilisha fedha. Ilizaliwa kufuatilia bei za sarafu. Leo inafuatilia bei za mabeki. Bomba linalopeleka matokeo ya programu moja kwenye nyingine liliingia Unix mwaka 1973, baada ya Doug McIlroy kulisisitiza kwa miaka. Tangu 1964 alikuwa ameandika kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani. Jq, inayochambua JSON, ndiyo changa: 2012.

Ukiziunganisha, mistari kumi inatosha kukuambia nani kati ya wachezaji wako ameumia na nani anauzwa kwa kasi. Kusoma data hakuhitaji nywila. Kufanya uhamisho wenyewe kunahitaji uingie kwenye akaunti yako, na hapo mimi nasimama. Skripti inayomtoa mshambuliaji wangu nikiwa usingizini imeniachia nini cha kubishania Jumatatu?

Ila kwetu kuna kazi moja ambayo ningeikabidhi mashine bila kusita, nayo ni saa. Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi ikianza saa 6:30 mchana kule Uingereza, dirisha linafungwa saa 5:00 asubuhi yao. Wakati wa baridi hiyo ni saa 8:00 mchana Afrika Mashariki, wengi wakiwa bado kazini. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza wanasogeza saa zao mbele, sisi hatugusi zetu, na dirisha lilelile linahamia saa 7:00. Aliyeipangia cron, programu ya ratiba ya Unix, imkumbushe kila Jumamosi saa 7:30 atakuwa salama msimu wote wa baridi, halafu Aprili atakumbushwa nusu saa baada ya mlango kufungwa, wakati ambapo ubingwa wa ofisi unaamuliwa kwa pointi mbili tatu.

Dawa iko ndani ya faili lenyewe. Kila wiki ya mchezo ina saa yake ya mwisho, nayo inaishia na herufi Z, alama ya saa ya dunia isiyofuata majira ya nchi yoyote. Skripti iisome hiyo, iongeze saa tatu, itume ujumbe.