Kufungasa kihori: Elimu ya pwani inayofaa mtoni Bura

BURA, kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, haijui tanga wala jahazi. Vyombo vya huko ni mitumbwi na, mto unapofurika, mashua za injini. Hata hivyo, maji yayo hayo huteremka kupitia Hola na Garsen hadi Kipini, yanakoingia Bahari Hindi. Huko pwani mabaharia wana elimu ya tangu jadi ambayo mvushaji wa mtoni pia anaihitaji: jinsi ya kukivuta chombo kidogo nyuma ya kikubwa bila kupoteza chombo wala roho.

Kitendo hicho huitwa kufungasa. Jahazi haliwezi kusogea penye maji haba. Hutia nanga mbali, na kihori ndicho kinachowafikisha watu na shehena ufukoni. Kwa hivyo kihori hakiachwi nyuma. Njia za kusafiri nacho ni nne.

Ya kwanza ni kamba ndefu. Kamba hufungwa kwenye pete iliyo chini katika omo ya kihori, ili kinapovutwa omo iinuke badala ya kuchimba maji. Ncha ya pili hufungwa penye mti imara kwenye tezi ya jahazi. Urefu wake hupimwa kwa mawimbi: vyombo vyote viwili vipande pamoja na kushuka pamoja. Kimoja kikipanda huku kingine kikishuka, kamba hulegea, kisha hukazika ghafla na kukatika au kung'oa pete.

Ya pili ni kamba fupi, inayofaa bandarini na penye maji matulivu, ili kihori kisiyumbe na kugonga vyombo vingine. Chombo chenye injini kinaporudi nyuma, sharti mtu aivute kamba kutoka majini, la sivyo itanaswa na rafadha.

Ya tatu ni kukifunga ubavuni, upande wa demani, yaani ule usiopigwa na upepo, huku magurudumu makuukuu yakizuia mbao zisisuguane. Njia hii ni ya mwendo mfupi tu.

Ya nne, iliyo salama zaidi kwa safari ndefu, ni kukipakia kihori sitahani, kukilaza kifudifudi na kukikaza kwa kamba. Mashua za kitalii za siku hizi huwa na mikono ya chuma tezini ya kukining'iniza, na kihori cha mpira hutolewa upepo kikakunjwa.

Adui mkubwa wa kihori kinachovutwa ni maji yanayoingia ndani. Lita 500 za maji zina uzito wa kilo 500, nazo zatosha kukata kamba nzuri. Bahari inaposukuma kutoka nyuma, kihori huteleza juu ya wimbi na kuugonga usukani. Dawa yake ni kukiburuzia kamba nyingine nyuma yake ili kipunguze kasi. Na kanuni isiyovunjwa ni hii: ndani ya kihori kinachofungaswa hakai mtu.

Mtoni kuna hatari nyingine inayopita hizo. Mashua inapokata mkondo huku ikivuta mtumbwi, maji huusukuma mtumbwi kuelekea chini. Kamba iliyofungwa ubavuni huivuta mashua kwa upande, ikainama na kupinduka kwa muda mfupi mno. Kwa sababu hiyo kamba hufungwa katikati ya tezi, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe karibu. Mashua nayo ielekeze omo juu ya mkondo, wala isiuvute mtumbwi uliojaa watu au mizigo.

Gharama ya maji yaliyofurika inajulikana. Aprili 2024, mashua iliyobeba abiria ilizama katika mafuriko eneo la Kona Punda, Kaunti ya Tana River. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kuokolewa kwa watu 23, wengine walifariki.

Mvushaji aliye na abiria wengi kuliko nafasi hana haja ya mtumbwi wa kuvuta nyuma. Avuke mara mbili. Kawia ufike.