Kinachobaki Mkononi: John Wesley na Kipimo cha Ukarimu

Makanisani kwetu ukarimu hupimwa kwa kinachotolewa. Aliyetoa fungu la kumi huhesabiwa ametimiza wajibu wake, na aliyezidisha hutajwa kwa jina siku ya harambee. John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyeasisi vuguvugu la Wamethodisti nchini Uingereza katika karne ya 18, alitazama kinachobaki. Ninashikilia kwamba kipimo chake ndicho kilicho karibu zaidi na Injili, na kwamba tulipokiacha, walioumia ni maskini.

Katika hotuba yake moja ya mwaka 1787 anasimulia habari za kijana wa Oxford, ambaye wengi huamini ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30, akatumia 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60. Akatumia zile zile 28, akatoa 32. Wa tatu 90, wa nne 120, na matumizi hayakusogea. Kwa hesabu ya fungu la kumi, mwaka ule wa nne angetoa pauni 12 na kubaki na 108 bila kulaumiwa na mtu. Alitoa 92.

Mtu anaweza kusema hiyo ni bidii ya mtawa, haina uhusiano na njaa ya jirani. Wesley asingekubali. Mwaka 1773, chakula kilipokuwa ghali na watu wakishinda njaa, aliandika kijitabu akiuliza sababu. Aliona nafaka ikiishia kwenye mitambo ya pombe kali, mashamba madogo yakimezwa na makubwa, kodi zikilemea nchi. Na aliona pia nafaka na ardhi vikitumika kulisha farasi wa kukokota magari ya waungwana. Hapa ndipo hoja yake ina uzito kuliko mahubiri mengi tunayoyasikia: anasa ya mmoja ilikuwa imeingia katika bei ya mkate wa mwingine. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye, watoza ushuru walipomshuku kuwa ameficha vyombo vya fedha, jibu lake halikuwa la majivuno. Aliwaandikia kuwa ana vijiko viwili London na viwili Bristol, na hatanunua vingine maadamu wengi wanaomzunguka hawana mkate.

Pingamizi zito zaidi ni la familia. Wesley hakuwa na watoto wa kuzaa. Pauni 28 zitamfaa nini mtu anayemlipia karo mtoto wa marehemu dada yake? Lakini hotuba yake juu ya matumizi ya fedha, iliyochapishwa mwaka 1760, inaanza na nyumbani: chakula, mavazi na mahitaji ya wote walio chini ya uangalizi wako, kisha ndugu wa imani, kisha watu wote. Karo ya mpwa imo. Kisichokuwamo ni gari la pili la kuonekana nalo kanisani, na hapo hata wachungaji tunapaswa kuulizwa.

Wala hakuridhika kutuma fedha kwa mkono wa mwingine. Alifungua mfuko wa kuwakopesha maskini mitaji midogo na zahanati ya kuwapa dawa bure. Januari 1785, akiwa na miaka 81, alizunguka mitaa ya London siku kadhaa, theluji inayoyeyuka ikimfika vifundoni, akiomba fedha za kuwavisha wasio na nguo. Alipata pauni 200. Aliwajua wahitaji kwa sababu alikuwa akiingia majumbani mwao.

Wafuasi wake walishika nusu ya fundisho. Walichapa kazi, wakaweka akiba, wakatajirika; kutoa kukawashinda, na mwaka 1789 mzee huyo alilaumu jambo hilo waziwazi. Mapokeo yake yalifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na leo makanisa yetu ya kila dhehebu husoma hesabu za mwaka mbele ya waumini: sadaka zilizoingia, ahadi zilizotimizwa, paa lililoezekwa. Ningependa mkutano mmoja wa mwaka uanze na swali ambalo hesabu hizo hazina safu yake: sisi tunaoongoza, kipato kilipopanda, matumizi yetu wenyewe yalisimama wapi?