Majina Mawili Kwenye Logibuku

Logibuku ya gari nchini Kenya haina mengi. Ina nambari ya usajili, nambari ya chesisi na ya injini, aina ya bodi, rangi, mwaka gari lilipoundwa na idadi ya watu waliowahi kulimiliki. Lakini gari lililonunuliwa kwa mkopo hujulikana papo hapo kwa kutazama sehemu ya mmiliki: pana majina mawili, la benki au kampuni ya mikopo, na la mtu anayelipa deni. Jina la mkopeshaji likiwa bado lipo, gari haliuziki wala halihamishwi kwa jina jingine bila yeye kuridhia. Deni likiisha, jina hilo linapaswa kuondoka. Kuliweka ni kazi nyepesi, kwa kuwa mkopeshaji hatoi hata senti kabla halijaandikwa. Kuliondoa ndiko kunakotesa watu, na ukifuata historia ya jambo hili utaona kwamba waliotunga sheria, karne baada ya karne, walimshughulikia zaidi anayedai kuliko aliyekwisha kulipa.

Logibuku yenyewe haikuanzishwa kwa ajili ya mikopo. Uingereza ilianza kusajili magari tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria ya mwaka uliotangulia, ili polisi wajue gari lililogonga mtu au kupita mbio ni la nani. Kitabu cha usajili kilifuata mwaka 1921, kutokana na Sheria ya Barabara ya 1920, na shabaha yake kubwa ilikuwa ushuru. Hadi leo hati ya Uingereza inayoitwa V5C inamtaja mtunzaji wa gari, na imeandikwa waziwazi kuwa si ushahidi wa umiliki.

Kenya ilirithi mawazo hayohayo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, iliyoanza kutumika wakati wa ukoloni miaka ya 1950, kinasema aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba jina lililo kwenye rejesta linaweza kupingwa kwa ushahidi kuwa gari lilikuwa limekwisha kuuzwa. Majaji waliegemea pia uamuzi wa Uganda, Osapil dhidi ya Kaddy, uliosema kuwa logibuku ni ushahidi wa awali tu.

Basi mikopo iliingiaje kwenye karatasi ya polisi na ya ushuru?

Rehani ya zamani haikuhitaji rejesta. Mtu aliyeweka mkufu wa dhahabu kwa mkopeshaji aliuacha hukohuko. Akilipa, anaukomboa na kwenda nao. Gari haliwezi kufanyiwa hivyo, kwa sababu mara nyingi ndilo linalotafuta pesa za kulipia deni. Matatu ikifungiwa kwenye yadi ya benki haileti kitu. Kwa hiyo mkopaji hubaki na mali, naye mkopeshaji hubaki na hofu: je, huyu akiliuza gari kwa mtu asiyejua?

Waingereza walikuwa wamekutana na hofu hiyo kabla gari halijaundwa. Sheria zao za 1878 na 1882 ziliruhusu mtu kukopa kwa kuweka rehani samani au mifugo yake huku akiendelea kuvitumia, mradi hati isajiliwe katika Mahakama Kuu ndani ya siku 7. Hati ya chini ya pauni 30 ilikuwa batili, ili maskini wasinyang'anywe vyombo vyao kwa vijideni. Ajabu ni kwamba sheria hizo za enzi ya Malkia Victoria ndizo zinazotawala mikopo ya logibuku nchini Uingereza mpaka sasa. Tume ya Sheria ya nchi hiyo ilipendekeza mwaka 2016 zifutwe, ikaandaa hata muswada wa kuchukua nafasi yake, lakini serikali ikauweka kando mwaka 2018.

Wafanyabiashara nao walitafuta njia ya kuzikwepa sheria hizo, wakaipata kwenye piano. Muuzaji aitwaye Helby alimkodisha mteja piano kwa malipo 36 ya kila mwezi, kwa makubaliano kuwa akimaliza yote inakuwa yake, na akitaka anaweza kuirudisha kabla ya hapo. Mteja akaenda kuiweka rehani kwa mkopeshaji aitwaye Matthews. Mwaka 1895 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kuwa piano ni ya Helby: mteja hakuwa mnunuzi, alikuwa mkodi tu, na hakuwa na mali ya kuweka rehani. Mtindo wa kukodi huku unalipia ukapata nguvu. Magari yalipoanza kuuzwa kwa wingi, yalipitia mlango huohuo.

Mlango huo uliumiza wengi. Mnunuzi aliweza kulipa karibu bei yote, akakosa awamu moja, na kampuni ikaja kubeba mali bila kumrudishia chochote. Mbunge wa Jarrow, Ellen Wilkinson, alipigania sheria ya kukomesha unyang'anyi huo, ikapita mwaka 1938: aliyekwisha kulipa theluthi moja hakuweza tena kupokonywa mali bila amri ya mahakama. Kenya ilipotunga sheria yake ya ununuzi wa aina hiyo mwaka 1968 ilichukua wazo lilelile, ila ikaweka kiwango cha theluthi mbili. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa gari la shilingi milioni moja, Mkenya lazima awe amelipa zaidi ya shilingi 660,000 kabla kinga haijamfikia.

Wamarekani walipita njia nyingine, na kilichowasukuma ni wizi. Mwaka 1919 bunge lao lilipitisha sheria ya kuadhibu wanaovusha magari ya wizi kutoka jimbo moja kwenda jingine, na mwaka huohuo General Motors ikaanzisha kampuni yake ya kukopesha wanunuzi. Majimbo yakaanza kutoa hati ya umiliki hasa, iliyo mbali na kibali cha barabarani, na deni likawa linaandikwa juu ya hati yenyewe. Anayenunua husoma karatasi moja akajua mwenye gari ni nani na anadaiwa na nani. Mkopo ukiisha, mkopeshaji hutia sahihi kwenye hati au hutoa barua ya kuliachilia gari, na idara ya magari hutoa hati safi. Ni mpango wa busara kuliko ule ambao Afrika Mashariki iliachiwa na Waingereza.

Nchini Kenya, mkoloni alileta mwaka 1930 sheria ya rehani za mali zinazohamishika, iliyofuata mfano wa New Zealand. Hati ilisajiliwa kwa Msajili Mkuu ndani ya siku 21, pamoja na kiapo na orodha ya mali. Rejesta ya magari ilikaa kwingine kabisa. Mtu wa Kisumu anayetaka kununua lori hakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna faili Nairobi inayolitaja. Ndipo benki zilipozoea njia ya mkato: kuandikisha gari kwa majina mawili na kuiweka logibuku kabatini. Ilikuwa njia ya kujilinda iliyobuniwa na wakopeshaji wenyewe, ikatumia rejesta iliyokusudiwa kazi nyingine, na ikawa na madhara yake. Gari likisababisha ajali, mkopeshaji hujikuta akitajwa mahakamani kama mmiliki.

Mwaka 2017 sheria ya 1930 ilifutwa. Sheria mpya ya haki za dhamana katika mali zinazohamishika ilianzisha rejesta ya kielektroniki, ambamo mkopeshaji huingiza taarifa fupi badala ya kuwasilisha mkataba mzima: nani amekopesha, nani amekopa, na dhamana ni nini. Kila mtu anaweza kuipekua. Uganda ilifanya mageuzi kama hayo mwaka 2019. Usajili wa magari nao ulikuwa umehama kutoka Mamlaka ya Ushuru kwenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na baadaye huduma zake zikaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Hata hivyo, desturi ya majina mawili haikufa, na hapo ndipo mzigo wa kukomboa ulipoongezeka. Aliyemaliza deni leo anahitaji mambo mawili kutoka kwa mkopeshaji: taarifa ifutwe kwenye rejesta ya dhamana, na jina liondolewe kwenye rejesta ya NTSA kwa mkopeshaji kuingia kwenye akaunti yake mtandaoni na kuridhia. La kwanza likifanyika halileti la pili. Barua ya kumaliza deni, hata ikiwa na mhuri, haibadilishi rejesta yoyote kati ya hizo mbili.

Mwenye gari moja la kwenda kazini anaweza kuvumilia ucheleweshaji huo. Wa bodaboda ni habari nyingine. Yeye hulipa kila siku au kila wiki, kwa simu, na pikipiki ndiyo mali pekee anayoweza kuweka dhamana ili apate mkopo wa pili, wa ada za shule au wa kununua pikipiki nyingine. Bila logibuku yenye jina lake peke yake, mkopeshaji mwingine hamsikilizi. Mwishoni mwa 2024 Kenya ilibadilisha sheria na kuipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, kundi ambalo kampuni nyingi za mikopo ya logibuku zimo. Kanuni zinazotokana na mamlaka hayo zingefaa kuweka siku maalumu ya mwisho ya kuondoa jina baada ya malipo ya mwisho, na faini inayolipwa kwa mkopaji mwenyewe kwa kila siku inayozidi.