Uhuru na Bahari ya Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi iliyojulikana kama SAS-1. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo katika NASA, aliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea: Uhuru. Jina hilo limeenea katika vitabu vya elimu ya anga, lakini mahali penyewe hutajwa kwa nusu sentensi, kana kwamba roketi ingeweza kurushwa popote. Sikubali. Bahari ile ilikuwa sehemu ya chombo cha utafiti, kama lenzi ilivyo sehemu ya darubini.

Jicho huona ukanda mwembamba tu wa mawimbi ya mwanga. Eksirei nayo ni mwanga, ila wimbi lake ni fupi mno, na angani hutoka hasa penye gesi iliyochemka kwa mamilioni ya nyuzi. Angahewa huizuia isitufikie. Kwa viumbe hiyo ni salama, kwa mtafiti ni pazia. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico, ikachungulia juu ya pazia hilo kwa dakika chache tu, ikagundua chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge. Dakika chache hazitoshi kuchora ramani ya mbingu. Kilihitajika chombo cha kukaa juu miezi na miaka, na chombo hicho kikawa Uhuru.

Hapo ndipo ikweta inapoingia. Vipokezi vya eksirei huvurugwa na chembe zenye nguvu za mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia, na mkanda huo hushuka chini mno juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa Brazili. Scout ilikuwa na viwanja vitatu tu: viwili Marekani, yaani Virginia na California, na cha tatu ni San Marco, nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta. Setilaiti iliyorushwa Virginia ingekata mkanda huo tena na tena. Kuigeuza njia ikiwa angani kungedai mafuta ambayo roketi ndogo kama ile haikuweza kubeba. Kutoka Ngomeni, Uhuru ilishika njia ya ikweta, ikaiepuka sehemu kubwa ya vurugu hiyo, huku mzunguko wa dunia wenyewe ukiisukuma kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa.

Matunda yake yalibadilisha elimu nzima. Ikijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, Uhuru ilipiga doria mbinguni hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Iligundua kwamba Centaurus X-3 hudunda kila sekunde 4.8 na hufichika kila baada ya siku 2 hivi: ni nyota ya nyutroni inayozunguka nyota nyingine huku ikiinyonya gesi. Ilionyesha pia kwamba Cygnus X-1 humemeteka bila mpangilio, ndani ya sehemu ya sekunde. Darubini za ardhini zilipoifuatilia, ikawa mgombea wa kwanza mwenye ushahidi mzito wa kuitwa shimo jeusi. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel.

Kuna watakaosema: jukwaa lilikuwa la Waitalia chini ya Luigi Broglio, setilaiti ya Wamarekani, Kenya ikatoa maji tu. Kuhusu mamlaka, wanasema kweli, na ukweli huo unauma. Lakini historia ya sayansi haiulizi tu nani alimiliki chombo. Inauliza pia ni nini kilichokiwezesha kuona. Jukwaa lile lilirusha setilaiti ya mwisho Machi 1988. Taifa-1, setilaiti ya Kenya yenyewe, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California.