Sheria ya Usalama wa Vyombo vya Usafiri wa Umma (Marekani)

Sheria inayozuia fedha za serikali kuu ya Marekani kununulia mabasi na mabehewa ya abiria kwa watengenezaji wanaofungamana, kwa umiliki au kwa fedha, na kampuni za nchi zenye uchumi usio wa soko huria. China haitajwi kwa jina, lakini vigezo vinaiangukia. Iliingizwa katika sheria ya ulinzi iliyotiwa saini tarehe 20 Desemba 2019. Kwa mabasi, ilianza kubana miaka miwili baadaye.

Kinachotazamwa ni mwenye kampuni, si mahali pa kiwanda. Kwa hiyo iliwagusa watengenezaji wa Kichina: CRRC wa Springfield, Massachusetts, na BYD wa Lancaster, California, ingawa viwanda hivyo viliajiri mafundi wa hukohuko. Miji iliyokuwa tayari na mikataba ya mabehewa na CRRC, kama Boston na Chicago, iliachiwa iendelee nayo.