Waya wa Kilomita Mbili

Besi yangu ina mwili wa mninga na ubao wa vidole wa mpingo. Nimeichonga kwenye baraza ya nyuma kwa miezi minane, na kazi ya mbao, pamoja na ugumu wake wote, haikunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni vitu ambavyo msikilizaji havioni kabisa: pikapu, kile kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme, na nyaya zake.

Aliyenifundisha kuvihofia ni mjomba wangu, aliyepiga besi katika bendi ya dansi enzi za ujana wake. Alinisimulia habari za ukumbi mmoja ambao taa zake za tyubu zilikuwa zikiwashwa tu, spika ya besi inaanza kuvuma kabla yeye hajagusa uzi. “Mjomba,” aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, “umeme nao ulikuwa unapiga G. Hata wimbo uwe wa A, wenyewe unang’ang’ania G.”

Nilidhani ananogesha hadithi. Baadaye nilipopiga hesabu nikakuta amesema kweli tupu. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukibanwa kwenye freti ya tatu hutoa G ya mitetemo 49. Mvumo wa umeme na sauti ya besi wanakaa mtaa mmoja, mlango kwa mlango. Ndiyo maana naamini kwamba historia ya pikapu za besi ni historia ya mafundi waliotafuta namna ya kumnyamazisha jirani huyo bila kumziba mdomo mwenye nyumba.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Miaka mia moja baadaye, huko Los Angeles, George Beauchamp aliitumia kanuni hiyo kwa gitaa: uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, koili husikia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya umeme yenye freti, ya kushikwa kama gitaa. Wanunuzi walikuwa wachache, na wapiga besi wakaendelea kubeba lile besi la mbao linalosimama urefu wa mtu, ambalo ngoma na tarumbeta zililimeza.

Aliyewatua mzigo huo ni fundi redio wa Fullerton, California, aitwaye Leo Fender. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass, akaipa jina hilo kwa sababu freti zake zilimhakikishia mpigaji sauti isiyopinda. Pikapu yake ilikuwa na koili moja na ncha nne za sumaku, moja kwa kila uzi. Ilisikika vizuri, ila koili moja haichagui: hupokea uzi, hupokea na umeme wa taa, vyote kwa moyo mmoja.

Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alibuni dawa ya kutumia koili mbili, na mwaka 1957 Fender akaileta kwenye besi kwa namna yake. Aliikata pikapu vipande viwili: kimoja kwa nyuzi mbili nene, kingine kwa nyuzi mbili nyembamba. Koili ya pili ikageuzwa mwelekeo, na sumaku yake pia ikageuzwa. Mvumo unatoka hewani na haujali sumaku, kwa hiyo unaingia koili moja kwa mbele na nyingine kwa nyuma, ukafutana wenyewe kwa wenyewe. Sauti ya uzi inategemea sumaku. Imegeuzwa mara mbili, hivyo inarudi ilivyokuwa. Sijawahi kuona suluhisho lililotulia kuliko hilo.

Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass, yenye pikapu mbili za koili moja moja. Ukizifungua zote sawasawa, mvumo unakufa. Ukipunguza moja, unafufuka. Mwaka 1976, Fender akiwa na kampuni ya Music Man, ikatoka StingRay, yenye amplifaya ndogo ya betri ndani ya mwili wake. Zote nimezipiga na zote nazipenda. Lakini mpigaji wa kwetu huzungusha nobu kutwa, na betri huweza kuisha katikati ya harusi. Nikachagua jibu la mwaka 1957, kwa sababu linafanya kazi nobu ikiwa popote.

Pikapu zilipofika niliziweka mezani, nikaunganisha vipande viwili, nikagusisha multimita. Ikasoma kiloohmu 10.6. Waya wake, mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, una ohmu 5.4 hivi kwa kila mita. Nikagawanya. Karibu kilomita mbili za shaba zilikuwa kiganjani mwangu! Nikamkumbuka Abigail Ybarra, aliyeanza kazi katika kiwanda cha Fender mwaka 1956 na kusuka koili kwa miongo mingi: mashine inazungusha, vidole vinaongoza waya, na ukivuta kidogo tu unakatika. Mafundi wetu wa kusuka mota wataijua kazi hiyo kwa kuitazama mara moja.

Nyaya nilizifanya za kizamani. Volyumu mbili za kiloohmu 250, moja ya sauti na moja ya toni, na kapasita ya mikrofaradi 0.047 ya kupeleka ukali wa sauti kwenye ethi. James Jamerson alizibeba nyimbo za Motown kule Detroit kwa besi ya mwaka 1962 yenye mpangilio wa aina hiyo, akipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Sikuona sababu ya kuongeza kitu.

Siku ya kuwasha, ilivuma. Niliangalia kila kiungo kwa saa nzima, mpaka nilipogusa nyuzi kwa kiganja na mvumo haukupungua, nikagusa chuma cha jeki na mvumo ukanyamaza. Nikajua: nilisahau waya wa ethi unaopita chini ya daraja kuzifikia nyuzi. Nikatoboa tundu, nikapitisha waya, nikalehemu.

Jioni mjomba alikuja. Niliwasha taa ya tyubu ya barazani, nikafungua volyumu zote mpaka mwisho, nikampa besi. Alisikiliza ukimya kwanza, muda mrefu, kichwa kimeinama. Kisha akabana freti ya tatu ya uzi mnene na kuipiga G moja, ndefu, ya kwake mwenyewe.