Babu Alizaliwa Wapi? Ubritania kama Mkataba

Kiswahili kinawaita watu wote wa kisiwa cha Britania kwa jina moja: Waingereza. Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, waliokuwa wakimtaja mtu wa England, likatanuka baadaye hadi likammeza Mskoti, mtu wa Wales na, kwa muda mrefu, mtu wa Ireland pia. Wapo wanaoliona hilo kuwa uzembe wa lugha. Mimi naliona kuwa ushahidi, kwani England nayo imezoea kujihesabu kuwa nyumba nzima na wenziwe kuwa vyumba. Waliokaa na wageni hao mlango kwa mlango walijua tofauti. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipojenga kituo chao huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, wenyeji walipaita mahali hapo Thogoto, yaani Scotland katika kinywa cha Mkikuyu, na jina hilo lipo mpaka leo. Katika makala haya, basi, Waingereza ni watu wa England tu. Watu wa dola nzima nitawaita Wabritania.

Wabritania hao hawakuchipuka kutoka shina moja. Ubritania ulikuwa mapatano, yaliyofungwa kwa faida zilizojulikana, na kila faida ilipobadilika ndivyo ilivyoamuliwa upya nani yumo na nani hayumo.

Mwaka 1603 James wa Sita wa Uskoti alirithi kiti cha England. Mwaka uliofuata alijitangaza mfalme wa Great Britain, lakini Bunge la England halikutaka kusikia habari ya kuziunganisha nchi mbili. Taji lilikuwa moja, hazina mbili. Kilichokuja kuziunganisha hazina ni msiba. Katika miaka ya 1690 Waskoti waliahidi kuchanga kiasi cha pauni 400,000 ili waanzishe koloni Darien, huko Panama, wakitumaini kushika njia ya biashara baina ya bahari mbili. Homa, njaa na uhasama wa Wahispania viliwamaliza. Mfalme wao, ambaye ndiye pia mfalme wa England, alikuwa hataki makoloni ya Kiingereza yawape msaada. Kufikia 1700 koloni lilikuwa limetelekezwa, na sehemu kubwa ya akiba ya nchi imekwenda nalo. Mkataba wa Muungano wa 1707 ulipofika mezani, kifungu chake kimoja kiliitengea Uskoti pauni 398,085, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kuwafidia wenye hisa wa Darien. Mitaani Edinburgh na Glasgow watu walifanya ghasia. Bungeni kura zilipita. Uskoti ilivunja bunge lake ikapata viti 45 vya wabunge huko Westminster, ikabaki na sheria zake, kanisa lake na shule zake. Anayesoma masharti hayo akitafuta mapenzi ataambulia hesabu ya mahari.

Mwanahistoria Linda Colley, katika kitabu chake Britons cha 1992, anataja vilivyowashikamanisha watia saini wa mkataba huo: Uprotestanti, vita vya mara kwa mara na Ufaransa, na himaya. Nakubaliana naye, ila ningeitanguliza himaya. Nyumbani Mskoti alikuwa mbia mdogo. Ng'ambo alikuwa bwana sawa na bwana mwingine. Kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kutawala sehemu kubwa ya Kenya ya leo iliongozwa na Mskoti, William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Campbeltown. Uprotestanti nao uliwaunganisha wengine kwa kuwatenga wengine. Ireland iliingizwa katika muungano mwaka 1801, na Mkatoliki wa huko hakuruhusiwa kukaa bungeni hadi 1829. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu wapatao milioni moja, chini ya serikali iliyokuwa, kwa karatasi, ni yao wenyewe. Mwaka 1922 sehemu kubwa ya kisiwa hicho ilijitoa.

Wales haikupewa hata mkataba. Sheria ya 1536 ya Henry wa Nane iliimeza tu na kukifanya Kiingereza lugha ya mahakama. Kiwelshi kilipona kwa sababu Biblia ilitafsiriwa, kazi ya William Morgan iliyochapwa 1588, na watu wakaendelea kusali kwa lugha yao. Karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa shingoni kipande cha mbao chenye herufi W.N., yaani “Welsh Not”. Waliosoma Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya kibao cha namna hiyo.

Mkataba wa Ubritania ulifika ukingoni mwa upana wake mwaka 1948, pale sheria ilipomfanya mzaliwa wa London na mzaliwa wa koloni la Kenya kuwa raia wa aina moja: raia wa Ufalme wa Muungano na Makoloni. Halikuwa tendo la ukarimu kamili. Waliotunga sheria hiyo hawakutarajia kwamba watu wengi wangeitumia. Kenya ilipopata uhuru, maelfu ya wakazi wake wenye asili ya Kihindi walibaki na pasipoti za Kibritania. Serikali ya Nairobi ilipoanza kuwabana katika ajira na leseni za biashara, wakaanza kupanda ndege. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 1968 Bunge la Westminster lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia. Kuanzia hapo pasipoti haikutosha: aliyetaka kuingia bila kizuizi ilimbidi yeye, mzazi wake, babu yake au bibi yake awe amezaliwa ndani ya Ufalme wa Muungano, au awe na uhusiano kama huo nao. Dola iliyojengwa kwa saini, ambayo hata mfalme wake wa 1714 aliletwa kutoka Hanover, ikavumbua ukoo. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi huo wa rangi ulifikia kiwango cha kudhalilisha utu.

Waskoti wenyewe hawajaacha kupiga hesabu. Katika kampeni ya kura ya maoni ya 2014, iliyokataa uhuru kwa asilimia 55, swali lililowakaba wanaotaka kujitenga lilikuwa la sarafu: je, mtabaki na pauni? Na huko England na Wales, sensa ya 2011 ilikuta asilimia 57.7 wakijitambulisha kuwa Waingereza tu, na asilimia 19.1 Wabritania tu. Mwaka 2021 Wabritania walikuwa asilimia 54.8, Waingereza 14.9. Idara ya takwimu ilieleza kwamba, katika fomu ya England, kisanduku cha Ubritania kilikuwa kimesogezwa kikawa cha kwanza.